Tundu la Pili

Kwanza niombe radhi. Mara ya mwanzo nilipoisimulia habari hii nilianzia kwenye mlango uliogoma kufungika, nikaenda mbio mpaka mwisho, nikajipigia makofi mwenyewe. Mtoto mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, "Mlango wa nini?" Ndipo nilipogundua kuwa nimewapa watu mkia, kichwa nimekisahau nyumbani. Leo naanzia kichwani.

Kichwa chenyewe ni msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kiguu. Jina lake kamili la utani lilikuwa Kiguu na Njia, ila nani ana muda wa kutamka yote hayo wakati mwenyewe keshatoweka? Kiguu hakujua kukaa. Darasani alikalia ukingo wa dawati kama ndege aliyetua kwenye waya. Mezani alikula huku mguu mmoja uko nje. "Huyu mtoto," mama yake alizoea kusema, "hata akilala, mimi nausimamia mlango."

Kila alasiri akitoka shule, mkoba ulitua kitandani, yeye akatua gereji. Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yao, upande wa pili wa ua, na mwenyewe alikuwa mjomba wake, kaka wa Mama. Mjomba alikuwa fundi wa bodi za magari: alinyoosha palipobonyea, akakata palipooza kwa kutu, akachomelea chuma kipya. Wateja walimwita Fundi Bado, na sababu yake ni hii.

"Fundi, tayari?"

"Bado."

"Kesho je?"

"Kesho nayo bado haijafika."

Hebu fikiria sasa: mtoto asiyejua kusubiri, na mjomba asiyejua kuharakisha, chini ya paa moja la bati. Ilikuwa kama kumfunga mbuzi na kobe kamba moja.

Wakati huo gereji nzima ilikuwa imemezwa na gari moja tu. Lilikuwa gari kuukuu la mizigo, limefunikwa juu, lenye mlango mmoja mpana ubavuni na taa za mbele za mviringo zilizokutazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Lilimzidi Mama umri. Bibi, mama yao Mama na Mjomba, ndiye aliyelinunua ujanani akasambazia mikate, yeye mwenyewe kwenye usukani, leso kichwani na kiwiko dirishani. Biashara ilipokwisha, gari likaegeshwa, mvua ikalitafuna taratibu. Bibi aliliita Ajuza. "Tumezeeka pamoja," alisema. "Yeye kutu, mimi magoti."

Sasa Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Alitibiwa mji wa mbali, akauguzwa kwa mama mdogo wa Kiguu, na daktari alikuwa amesema atatumia kiti cha magurudumu kwa muda mrefu. Jumamosi ilikuwa siku ya kumrudisha nyumbani. Ila Bibi alikuwa na sharti lake.

"Sibebwi," alisema kwenye simu. "Gunia la viazi ndilo hubebwa. Nileteeni Ajuza, nipandishwe na kiti changu kwa mlango wangu."

Basi kazi ikaanza. Ajuza akainuliwa juu ya mihimili minne ya chuma, magurudumu yakavuliwa, viti vikatolewa, mlango ukabanduliwa ukaegemezwa ukutani. Mjomba akaingia chini na kinyundo kidogo.

"Njoo usikilize," alimwambia Kiguu. Aligonga chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima. *Ngii.* "Huyo mzima." Akasogea, akagonga tena. *Ngii.* Akasogea tena. *Bup.* "Na huyo?"

"Mgonjwa, Mjomba."

"Mgonjwa? Huyo marehemu, tunachelewa kumzika tu." Akachora duara la chaki mahali hapo.

Kila palipolia *bup* palichorwa duara, na kila duara lilikatwa kwa grenda mpaka chuma king'ae, kisha kikachomelewa kiraka cha unene uleule, kikasagwa, kikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Mteja mmoja aliyepita alitikisa kichwa. "Fundi, jaza puti mashimoni, piga rangi, funga kazi. Nani ataona?"

"Kutu itaona," Mjomba akajibu bila kugeuka.

Kazi ya Kiguu ilikuwa kusugua chesisi kwa brashi ya waya, miwani ya plastiki usoni. Aliichukia. Sugua, sugua, sugua, na mbele bado chesisi ileile. Binamu yake, mtoto wa Mjomba, waliyemwita Nukta kwa udogo wa umbo lake, alisugua upande wa pili kimya kimya, kama anayechana nywele za mtu anayemheshimu.

"Umefika wapi?" Kiguu aliuliza kila mara.

"Palepale uliponiuliza," Nukta alijibu.

Jumatatu walifika kwenye kizingiti, ule mhimili ulio chini ya mlango wa ubavuni. Hapo kinyundo hakikulia *ngii* wala *bup*. Kilitumbukia ndani. Mjomba akaguna, akakata kizingiti chote kuanzia nguzo ya mbele ya mlango mpaka nguzo ya nyuma. Lakini kabla ya kukata, alileta bomba la chuma refu, ncha zake zimebamizwa zikawa bapa na kutobolewa matundu mengi, moja baada ya jingine.

"Hili linaitwa Mlinzi," alisema, akilikaza kwa nati kutoka nguzo hadi nguzo, likakingama mlangoni. "Kizingiti ndicho kinachoshika nguzo hizi mbili, kama mkanda unavyoshika suruali. Mimi naukata mkanda. Nani atashika suruali?"

"Mlinzi!" watoto wakajibu kwa kicheko.

"Na mpaka nichomelee kizingiti kipya, Mlinzi...?"

"Haguswi!"

"Mbona lina matundu mengi hivyo?" Kiguu aliuliza.

"Kila gari na kiuno chake," akajibu Mjomba. "Limeshika suruali nyingi hili."

Jumanne alasiri simu ya Mama ililia, naye mikono yake imejaa unga. Kiguu akaidaka.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nina wasiwasi. Hicho kiti kipya mlichoninunulia ni kipana. Mlango wa Ajuza utakipitisha? Nisije nikakwama mlangoni watu wakiniangalia."

"Utapita, Bibi! Nimeshajaribu!"

Hakuwa amejaribu chochote. Kiti kilikuwa sebuleni, bado na nailoni yake. Neno lilimtoka tu, lilikuwa na haraka kama mwenyewe.

"Umejaribu kweli?"

"Kweli, Bibi. Kinaingia vizuri kabisa."

"Basi kama umejaribu wewe, nimepata usingizi leo," Bibi akasema, na sauti yake ikarudi kuwa kubwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kiguu alizunguka sebule, akakizunguka kiti, akakipima kwa mikono, akatoka, akarudi. Je, kisipopita? Je, Bibi akikwama kweli? Mtu mwingine angemwendea Mjomba akasema, "Hebu tupime." Lakini kumuuliza Mjomba kungekuwa kusikia "bado," na kungekuwa kukiri kwamba amemdanganya Bibi. Akaona njia fupi: akijaribu sasa hivi, uongo utageuka kweli, na hakuna atakayejua ulizaliwa lini.

Mjomba alikuwa ametoka kununua bati. Nukta alikuwa ndani na hesabu zake. Kiguu akakivua kiti nailoni, akakisukuma kupitia ua, kikipiga kelele kila kokoto. Akapata mbao mbili, akaziegemeza kwenye sakafu ya gari zikawa njia ya kupandia. Kilichobaki kimoja tu: Mlinzi, katikati ya mlango, kama mzee anayezuia watoto kwa mkongojo.

"Dakika moja tu," Kiguu akamwambia. Akachukua spana.

Nati zilitoka kwa urahisi. Akalilaza bomba chini. Akasukuma kiti juu ya mbao, magurudumu yakapita, tena kwa nafasi. Kilipita! Kwa furaha akakikalia katikati ya mlango kama Bibi, akaruka-ruka juu yake, akapunga mkono kwa umati usiokuwepo.

*Kriii.*

Ilikuwa sauti ndogo tu, kama mlango wa kabati. Kiguu akaganda. Kisha akateremka upesi, akashusha kiti, akaokota bomba, akapachika ncha ya mbele, akakaza nati. Akaenda ncha ya nyuma. Tundu halikukutana na tundu. Bomba lilizidi, kama limerefuka ghafla. Akasukuma nguzo kwa bega. Ikakataa. Pale langoni akasikia pikipiki ya kubebea mizigo ikisimama, na sauti ya Mjomba ikisema, "Taratibu na hilo bati, bwana."

Macho yake yakaangukia tundu la pili, lililofuata, upana wa kidole tu kwa ndani. Akajaribu bolti hapo. Ikaingia kama siagi. Akakaza, akakokota kiti nyuma ya gereji, akachukua brashi ya waya.

"Leo unasugua bila kuambiwa?" Mjomba alishangaa. "Jua litachomozea jikoni."

Kiguu alicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Siku iliyofuata Mjomba alikunja bati nene, akalipima, akachomelea kizingiti kipya. "Geukeni!" alipiga kelele kila mara kabla ya cheche, na watoto wakageuza nyuso ukutani. Nukta alifumba macho. Kiguu alikodolea ukuta, miguu ikimcheza, akijiambia kuwa kidole kimoja si kitu. Kidole ni kitu gani kwenye gari kubwa kama lile?

Alhamisi jioni wakarudisha mlango. Mjomba alishika upande mmoja, Mama upande mwingine, Nukta akapachika pini za bawaba. Mjomba akausukuma mlango ufungike.

*Dung.*

Ukagonga nguzo ya nyuma, ukarudi. Akausukuma tena. *Dung.* Akaukagua juu, akaukagua chini. Akautoa, akaupachika upya. *Dung.*

"Labda mlango umevimba," Mama akatania.

Mjomba hakucheka. Alipima nafasi, akapima mlango, akapima nafasi tena. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akapima mara nyingine. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nimeweka nguzo kombo," alisema. "Upana wa kidole. Nimekata na kuchomelea muda wote huu, na sikuona."

"Kaka, kosa moja tu hilo."

"Dada, sikiliza. Watu wanapanda magari ninayochomelea. Wanapanda na watoto wao. Macho yasiyoona kidole leo, kesho hayataona ufa." Aliivua tena miwani, akaishika mapajani kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. "Mtafutie mama yetu gari lingine. Mimi Jumatatu naandika kibao: gereji imefungwa."

"Utafunga gereji kwa ajili ya mlango?"

"Nitafunga kwa ajili ya macho."

Kiguu alikuwa amesimama nyuma ya Ajuza. Alisikia kila neno. Mdomo ulifunguka, ukafumba, na *dung*, hata nao ukagoma.

Alipogeuka, Nukta alikuwa ubavuni pake. "Mwaka jana wakati wa mvua baba alikwenda kwa daktari wa macho," alinong'ona. "Daktari akamwambia anaona kuliko vijana. Alirudi anaimba njiani. Sasa angalia."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwani nimwambie nani? Wewe ndiye uliyesimama hapa."

Jioni ile Kiguu alifanya jambo lililoitia nyumba nzima hofu: alikaa. Alikaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa, sahani mbele yake haijaguswa. Mama akaja mbio kumshika paji la uso. "Una homa wewe? Inauma wapi?" Kiguu akatikisa kichwa. Nje alikuwa ametulia, lakini ndani miguu elfu ilikuwa inakimbia. Akitazama ukuta anaona matundu. Akitazama sahani anaona Bibi, amebebwa mzobemzobe kama gunia, akiinamisha macho. Akifumba macho anaona kibao: gereji imefungwa.

Asubuhi, kabla hata ya kufunga viatu vya shule, alikuwa ameshavuka ua.

Mjomba alikuwa anazifunga nyundo zake kwenye tambara, moja moja, ile ndogo ya kusikilizia ikiwa mkononi. Kiguu akapita bila salamu, akaenda pembeni ambako Mlinzi alikuwa amelazwa baada ya kazi kwisha, akalikokota bomba sakafuni mpaka mbele yake.

"Shikamoo, Mjomba. Macho yako hayana kosa."

"Marahaba. Umetumwa na mama yako kunibembeleza?"

"Sikutumwa. Angalia hapa." Akamwonyesha ncha ya nyuma. "Wewe ulilifunga kwenye tundu la kwanza. Mimi nikalifungua. Niliporudisha halikukubali, nikalifunga kwenye tundu la pili."

Mjomba akainama. Kuzunguka tundu la kwanza chuma kiling'aa pale bolti yake ilipokaza. Kuzunguka tundu la pili nako palikuwa na mkwaruzo, mpya, wa mkono wenye haraka.

"Ulilifungua lini?"

Akamweleza yote. Simu ya Bibi, uongo, kiti, mbao, ile *kriii*. Aliongea mbio, machozi yakimfuata nyuma.

Mjomba akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. Kisha akasema polepole, "Hebu nirudie. Kwa hiyo nguzo zilisogea kabla sijachomelea?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Na mimi nikachomelea sawasawa na Mlinzi alivyoniambia?"

"Ndiyo."

"Siyo macho yangu?"

"Siyo macho yako, Mjomba. Ni mikono yangu."

Mjomba akakaa juu ya ndoo yake akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka Nukta akatokea na mswaki mdomoni kuona kuna nini. Kiguu, aliyekuwa amejiandaa kwa kofi, alianza kutabasamu.

"Usitabasamu," Mjomba akasema, na kicheko kikakatika kama umeme. "Nimecheka kwa ajili yangu. Sasa nakasirika kwa ajili yako. Gari lile lilikuwa juu ya mihimili, limekatwa ubavu, nawe ukaenda kurukaruka ndani yake! Ile *kriii* uliyoisikia ilikuwa ni Ajuza anakuuliza kama unataka kufa. Tungekuokota chini yake. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na Bibi yako ningemwambia nini? Kwamba kiti kimepita, mtoto hakupita?"

Hapo Kiguu alilia kwa sauti, na Mjomba akamwacha alie mpaka amalize, maana naye alihitaji muda wa kuzifungua nyundo kwenye tambara.

"Nenda shule," alisema mwishowe. "Ukirudi, njoo na mikono iliyotulia. Ila kabla hujaenda, kuna simu moja unadaiwa."

Simu hiyo ilikuwa nzito kuliko bomba. "Bibi, nilikudanganya. Nilisema nimejaribu kiti, nami sikuwa nimejaribu. Kisha nikajaribu kwa siri, nikaharibu gari."

Kwanza Bibi akaguna. Kisha Bibi akasema, "Niliulalia usingizi uongo wako, mjukuu wangu. Siku nyingine niambie 'sijui,' nitakesha nayo kwa heshima." Akavuta pumzi. "Sasa kiti kinapita au hakipiti?"

"Kinapita, Bibi. Hiyo ndiyo kweli."

"Haya. Na Ajuza atakuwa tayari?"

Kiguu alifungua mdomo kusema "ndiyo." Akaufunga. "Sijui, Bibi," alisema.

Alasiri ile gereji ilichemka. Mjomba alikata kizingiti kipya upande mmoja, akalaza jeki kwa ubavu kati ya nguzo mbili, vipande vya mbao kila ncha, akaanza kuzisukuma nguzo zirudi zilikotoka. Mama alishika mlango. Nukta alishika taa. Kiguu akapewa kipande cha kadibodi.

"Nikifunga mlango," Mjomba alimweleza, "wewe pitisha kadibodi kwenye mwanya, kuanzia juu, uzunguke mpaka urudi ulipoanzia. Ikipita pote bila kukwama, nguzo imekaa. Ikikwama hata mahali pamoja, sema."

Krik, jeki ikasukuma. Mlango ukafungwa, safari hii bila *dung*. Kiguu akapitisha kadibodi. Ikakwama juu.

"Tayari?" Mama aliuliza, bado ameushika mlango.

"Bado."

Krik. Kadibodi ikapita juu, ikakwama ubavuni. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa. Nje pikipiki zilipita, watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira, wakamwita, "Kiguu! Twende!" Miguu yake ikasikia, ikacheza mahali pale pale. Krik. Kadibodi ikapita juu, ikapita ubavuni, ikashuka, ikateleza chini vizuri, na pale pembeni mwisho kabisa, penye kona ambayo hakuna mtu angeiona, ikagusa. Haikukwama. Iligusa tu, kama mtu anayepita karibu na bega lako sokoni.

"Vipi?" Mjomba akauliza kutoka upande wa pili, mkono juu ya mashine ya kuchomelea. "Tayari?"

Mama alikuwa amechoka. Nukta alikuwa anapiga miayo. Kila kitu ndani ya Kiguu kilikuwa kinasema ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Bado!" akasema.

Mjomba akainua nyusi. Akazunguka, akainama, akapitisha kadibodi mwenyewe pale konani. Ikagusa. "Unafahamu," alimwambia dada yake, "nadhani gereji hii imepata Bado wa pili."

Krik ya mwisho ilikuwa ndogo mno. Kiguu akazungusha kadibodi polepole, ulimi nje. Juu. Ubavuni. Chini. Konani. Ikapita kama upepo.

"Sasa," akasema.

"Geukeni!" Cheche zikamwagika, vivuli vyao vikacheza ukutani. Mjomba alichomelea nukta moja, akapima. Akachomelea nyingine, akapima tena, na hapo hapo akanung'unika kama anayejisemea, "Hivi ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliamini bomba nikamnyima haki futi kamba." Walipogeuka, kizingiti kilikuwa kimeshika. Kikasagwa, kikapakwa rangi nyekundu. Magurudumu yakarudi, viti vikarudi. Nguzo zikabaki na rangi tatu tofauti na ubavu wa Ajuza ukawa na viraka kama suruali ya mkulima, lakini alisimama kwa miguu yake.

Jumamosi wakaenda, Mjomba kwenye usukani, Mama kando, watoto nyuma. Kwa mama mdogo, Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kawaida nje langoni tangu asubuhi, leso kichwani, mikono juu ya fimbo aliyoilaza mapajani. Alilitazama gari kuanzia taa mpaka nyuma. Kisha akanyoosha fimbo, akagonga chesisi. *Ngii.* Akagonga kizingiti kipya. *Ngii.*

"Ajuza," alisema, "umepata meno mapya."

Kiti chake kipya kilikuwa kimekuja ndani ya gari. Wakamhamishia, wakaweka mbao, na Kiguu akasukuma. Safari hii hakukimbia. Magurudumu yakapanda, yakapita katikati ya nguzo mbili na nafasi ikabaki. Kiti kikafungwa mikanda yake sakafuni. Kiguu akaushika mlango, akauvuta.

*Tap.*

Sauti moja tu, safi. Mjomba alifumba macho kuisikiliza, kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni.

"Njooni hapa nyote wawili," akawaita Kiguu na Nukta dirishani. "Kosa ni kama kutu. Linaanza na nukta, na samahani sana, mwanangu, sikukusema wewe. Ukilichorea duara mapema ukasema, 'Hapa pameoza, nimepaozesha mimi,' tunakata kidogo, tunapiga kiraka, maisha yanaendelea. Ukilipaka rangi, linakula ndani kwa ndani, na mara nyingi linamla mtu mwingine ambaye hakukosa. Wewe Kiguu ulikaribia kula macho yangu. Lakini ulikuja na bomba lako mwenyewe asubuhi mapema, bila kutafutwa, na hilo nalo nimeliona. Na nimeliona bila shida, maana macho yangu ni mazima."

"Na brashi ya waya?" Nukta aliuliza.

"Brashi inamsubiri nyumbani. Chesisi ya nyuma bado."

Wote wakacheka, hata Kiguu, aliyejua kwamba mjomba wake hakuwa anatania. Mama akapanda mbele, watoto nyuma. Mama mdogo akaleta mizigo. Mjomba akazunguka kwenda kwenye mlango wa dereva, funguo zikilia mkononi.

"Wewe," Bibi akamwita kutoka nyuma.

Mjomba akasimama.

Bibi alikuwa ameketi wima, kiwiko tayari kiko dirishani, macho yameutazama usukani kama mtu anayemtazama rafiki wa zamani ng'ambo ya barabara. Akanyoosha kiganja.

"Nipe huo ufunguo," alisema. "Mpaka kwenye kona ile tu."

Mama akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Nukta akahesabu magurudumu ya kiti. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Na Kiguu, kwa mara ya kwanza bila mtu kumshuku homa, akakaa ametulia, akisubiri kuona kama Mjomba atasema "bado."